Mama alijua kabla yangu kwamba msimulizi amekufa

Kitabu nilikikuta kwenye mfuko wa nyuma ya kiti cha gari, Julai 2017, nikifuta vumbi la Serengeti baada ya kuwashusha wageni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA. Kilikuwa chembamba, hakifiki kurasa 150, kona zake zimekunjamana. Mgeni wangu, mwalimu mstaafu kutoka Guadalajara, alikuwa ameandika ndani ya jalada kwa kalamu: para usted, con paciencia. Kwako, kwa subira. Nilidhani ni maneno ya kuagana. Ilinichukua miaka minne kutambua kwamba lile neno la mwisho alilimaanisha.

Mimi ni mwongoza watalii, na Kihispania nilijifunza kwa ajili ya kazi. Nililipia masomo ya jioni pale Arusha, miezi sita, na yaliyobaki nikayaokota kwa wageni wenyewe. Naandika haya kwa sababu kila msimu kijana mmoja au wawili wa kazi yetu huniuliza wasome nini ili Kihispania chao kivuke orodha ya wanyama. Nimepoteza muda mwingi na fedha kiasi kwenye njia hiyo. Sioni sababu ya wao kupoteza pia.

Kitabu chenyewe ni Pedro Páramo, riwaya ya Juan Rulfo iliyotoka Meksiko mwaka 1955. Rulfo alizaliwa katika jimbo la Jalisco mwaka 1917, akafariki 1986, na jina lake lote limesimama juu ya vitabu viwili vidogo: riwaya hii, na hadithi fupi za El Llano en llamas za mwaka 1953. Niliufungua ukurasa wa kwanza nikiwa bado nimekaa garini. Vine a Comala porque me dijeron que acá vivía mi padre. Nilikuja Comala kwa sababu niliambiwa baba yangu anaishi huku. Hakukuwa na neno hata moja nisilolijua! Nilifurahi sana. Nikasema moyoni, basi, nimefika.

Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza, na nadhani wengi hukosea hapo hapo. Rulfo hatumii maneno makubwa, watu wake ni wakulima wa sehemu kavu na wanaongea kama wakulima. Ugumu wake ni mwingine. Riwaya imekatwa vipande karibu 70 visivyo na namba wala vichwa. Kipande kimoja anaongea kijana Juan Preciado, anayemtafuta baba asiyemjua kwa sababu alimwahidi mama yake akiwa anakata roho. Kinachofuata tuko miaka mingi nyuma, Pedro Páramo bado mtoto anawaza juu ya msichana. Kinachofuata tena ni sauti za watu barabarani, na hakuna anayekuambia ni akina nani. Nilipofika ukurasa wa 30 nilikuwa nimeelewa kila sentensi na sijaelewa kitabu.

Nilichofanya ni kukimbilia kamusi. Kila neno lililonitia shaka nililitafuta, nikaliandika kwenye daftari, nikaweka maana tatu nne pembeni. Mwezi mzima nilisoma kurasa 11. Na kamusi yenyewe ilikuwa ndogo, ya mfukoni, iliyochapwa Hispania. Kwa Rulfo watu hulalia petate. Kamusi yangu ilisema petate ni furushi la askari, mzigo wa vitu vyake anavyosafiri navyo. Nikaandika hivyo, na wakulima wangu maskini wakawa wanalala juu ya mizigo ya jeshi. Meksiko petate ni mkeka. Mkeka wa kusuka, huu huu tunaoujua. Kama ndiyo unaanza, chukua hili kwangu: kamusi ya Hispania haitoshi kwa kitabu cha Meksiko, wala cha Argentina. Vyuo vya lugha ya Kihispania vimetoa kwa pamoja kamusi ya maneno ya Amerika, Diccionario de americanismos, ya mwaka 2010, na inasomeka bure mtandaoni. Ningeijua mapema ningeokoa daftari zima. Kazini nilikuwa nimeshaonywa na sikusikia: niliwahi kuwaambia wageni wa Meksiko kwamba tutapanda gari kwa kitenzi coger, ambacho Madrid ni cha kila siku, na ndani ya gari pakawa kimya kabisa mpaka mzee mmoja akanieleza taratibu, pembeni, kwamba kwao ni neno la chumbani. Nilihisi uso unawaka.

Mwaka 2018 niliagiza tafsiri ya Kiingereza. Usafirishaji ulizidi bei ya kitabu mara mbili. Nikaanza kusoma vitabu viwili sambamba, na kwa kuwa sasa naelewa, nikapata wazo lililonishika kama homa: nitakitafsiri kwa Kiswahili. Nilikuwa najua kwamba Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare akiwa na nchi mikononi, tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka 1963. Mimi nina usiku mzima wa loji baada ya wageni kulala.

Rasimu ile ya kwanza ninayo bado. Ni kama kurasa 60 na siwezi kuisoma bila kusikitika, kwa sababu haina kosa la sarufi na haina uhai. Sentensi ile ile ya kwanza ya Rulfo inaendelea hivi: mi padre, un tal Pedro Páramo. Kiingereza changu kilisema tu kwamba ni mtu mwenye jina hilo, nami nikaandika “baba yangu, mtu aitwaye Pedro Páramo”. Lakini un tal si “aitwaye”. Mtoto anamtaja baba yake mzazi kama unavyomtaja mtu uliyesikia habari zake kwa wapita njia. Sisi tuna namna ya kulisema hilo, tunalisema kila siku: “baba yangu, sijui Pedro Páramo nani huko”. Katika hilo “sijui” kuna uchungu wote wa kijana aliyekua bila baba. Nilikuwa nalo mdomoni tangu utotoni na nikaliacha kwa sababu nilikuwa nimepita kwa Mwingereza kabla ya kufika nyumbani. Hakuna ubaya kusoma tafsiri ya Kiingereza ili upate picha. Ukianza kuandika, ifungie kabatini.

Katikati ya hangaiko hilo nilinunua pia Don Quijote ya Cervantes, nzima, sehemu ya 1605 na ya 1615, kwa sababu kila mtu husema fasihi ya Kihispania inaanzia hapo. Sikuvuka sura ya kumi na tano. Simlaumu Cervantes, ni Kihispania cha zaidi ya miaka 400 na sura ziko 126. Ila sura ya tisa ilinibaki. Hadithi inakatika ghafla, na msimulizi anaokota sokoni Toledo makaratasi yaliyoandikwa kwa Kiarabu, kazi ya mwanahistoria wa kubuni, Cide Hamete Benengeli. Anamtafuta Mwislamu wa ukoo aliyebatizwa ili amtafsirie, na wanapatana ujira: arroba mbili za zabibu kavu, kama kilo 23, na vipimo viwili vya ngano. Mtafsiri anamaliza kwa mwezi na nusu hivi. Cervantes alikaa miaka mitano mateka Algiers, alijua lugha mbili zinavyoishi nyumba moja. Na Kihispania chenyewe kimejaa Kiarabu kama chetu: azúcar ni sukari, alcalde, mkuu wa mji, ni ndugu wa kadhi, aduana, forodha, imetoka tumbo moja na diwani. Ojalá, wanayoisema wakitamani jambo, asili yake ni kumtaja Mungu, kama inshallah. Nikigundua neno la namna hiyo nilikuwa nasimama na kulirudia kwa sauti. Yalinipa moyo kwamba hii lugha si ya mbali kama ramani inavyoonyesha.

Machi 2020 wageni wakakatika. Kampuni ilituambia twende nyumbani bila malipo mpaka itakapojulikana. Nikarudi Kibosho kwa mama, kwenye migomba na kahawa, na begi lenye vitabu viwili na madaftari. Sitaficha kwamba nilikuwa na hofu. Akiba yangu ilikuwa ya miezi mitatu. Lakini jioni zilikuwa ndefu, na mama alipoona nahangaika na makaratasi akaniambia, “Baba, si usome kwa sauti na mimi nisikie.”

Nilikuwa namsomea rasimu kwa mwanga wa simu, yeye anachambua maharage kwenye ungo. Tukafika kwa Eduviges, mama mwenye nyumba ya kulala wageni. Anamwambia Juan Preciado kwamba alikuwa anamsubiri, mama yake amempa taarifa leo leo kwamba atakuja. Kijana anashangaa: mama yangu amefariki. Na Eduviges anajibu kwa utulivu kwamba kumbe ndiyo maana sauti yake ilisikika dhaifu vile.

Mama akaacha maharage. “Huyo mwenye nyumba ni marehemu.” Nikamwambia ndiyo, baadaye itajulikana. Tukaendelea siku mbili tatu. Jioni moja akaniuliza, “Na huyu kijana naye si ameshakufa? Anayesimulia?”

Mimi nilikuwa nimekisoma kile kitabu mara mbili. Katikati ya riwaya Juan Preciado anazungumza na mwanamke aitwaye Dorotea na kwenye daftari langu, pembeni ya kipande hicho, nilikuwa nimeandika neno moja na alama ya kuuliza: ndoto? Si ndoto. Wako kaburini, wamezikwa pamoja, na kila alichosimulia tangu sentensi ya kwanza anakisimulia akiwa chini ya udongo. Anasema mwenyewe kilichomuua: me mataron los murmullos, minong'ono ndiyo iliyoniua. Rulfo kabla ya kukipa kitabu jina lilelile la mwisho alitaka kukiita hivyo, Los murmullos. Nilimuuliza mama amejuaje. Akasema, “Tangu afike, hakuna hata mmoja aliyempa chakula akala.”

Sijui kama maelezo yake yangekubaliwa chuoni. Najua yeye alisikiliza watu wakati mimi nilitazama maneno. Kuanzia usiku huo nilibadili kazi yote, na njia hii ndiyo ninayompa kila anayeniuliza. Nasoma kipande cha Kihispania kwa sauti, mara mbili, bila kamusi. Nafunga kitabu. Namsimulia mama kwa Kiswahili kilichotokea, simu ikiwa inarekodi. Kesho yake naandika kutoka kwenye rekodi, na hapo ndipo nafungua tena kitabu na kamusi kusahihisha nilichoruka au nilichoongeza. Ni polepole. Kipande kimoja kwa siku, vingine siku tatu. Lakini sentensi zinatoka zikiwa zimeshapita mdomoni mwa mtu.

Mama alinipa maneno ambayo kamusi isingenipa. Watu wa Comala ni roho zinazotangatanga kwa sababu hazikusamehewa. Padre wao, Rentería, amewanyima maondoleo, na huku amepokea dhahabu ya Pedro Páramo ili amwombee mwanawe mwovu, Miguel. Nilikuwa nimeandika “mizimu”. Mama akakataa. Mizimu ni ya ukoo, ina makwao na wana wanaoikumbuka. Hawa hawana wa kuwaombea. “Hao ni roho za toharani,” akasema, na bila kupumzika akaanza sala ile ya Novemba, Raha ya milele uwape, ee Bwana. Neno lilikuwa kanisani kwetu miaka yote.

Dorotea alinisumbua kwa namna yake. Mle kaburini kijana anamwita Doroteo, kiume, anamuuliza kama ndilo jina lake. Anajibiwa kwamba ni mamoja, ingawa jina ni Dorotea. Herufi moja imebeba mwanamume na mwanamke, na huzuni ya mtu ambaye hata hilo halimhusu tena. Kiswahili hakina kike na kiume kwenye vitenzi, “amesema” ni wote. Nilitaka kuongeza maelezo, “mwanamke yule akajibu”. Nilimsomea mama bila nyongeza na akaelewa mara moja, maana Dorotea yuko kwenye jumuiya yake. Nikaacha hivyo hivyo.

Nilimaliza Agosti 2021. Nikachapisha nakala mbili kwenye duka la stesheneri, nikazifunga kwa spairo, na wageni walipoanza kurudi nikapata nauli ya kwenda Dar kwa mchapishaji. Alisoma kurasa kumi mbele yangu. Akasema ni nzuri. Kisha akauliza, “Ruhusa unayo?”

Sikuwa nayo. Sikuwa nimewahi hata kuifikiria. Alinieleza kwa upole ambao mpaka leo namshukuru: tafsiri haichapishwi bila idhini ya wenye haki, idhini hulipiwa, na soko letu la riwaya haliwezi kurudisha gharama hiyo. Nikarudi na nakala zangu kwenye basi. Baadaye nilisoma sheria mwenyewe. Nchi nyingi hulinda kitabu kwa miaka 50 au 70 baada ya mwandishi kufa. Meksiko ni miaka 100. Rulfo amefariki 1986. Piga hesabu. Yule mtafsiri wa Toledo alipatana zabibu na ngano kabla hajagusa karatasi, nami nilifanya kazi miaka minne ndipo nikauliza. Kama una nia ya kutafsiri ili uchapishe, anza na swali hilo, andika barua, ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujaipenda kazi yenyewe kiasi kwamba huwezi kuiacha.

Nilikaa karibu mwaka mzima bila kufungua kitabu cha Kihispania. Kilichonirudisha ni ndege.

Ziwani Manyara, 2023, mgeni wa Uruguay aliwaangalia heroe (sisi kazini tunawaita flamingo tu) akaniuliza kama naijua hadithi ya soksi zao. Ni ya Horacio Quiroga, mzaliwa wa Salto nchini kwake mwaka 1878, aliyeishi miaka mingi kwenye msitu wa Misiones huko Argentina na kufariki 1937. Iko katika Cuentos de la selva, kitabu cha watoto cha 1918. Nyoka wanafanya sherehe. Heroe, wenye miguu myeupe, wanataka nao wapendeze, na bundi anawapa soksi ndefu za mistari ambazo ni ngozi za nyoka wa matumbawe. Anawaonya wasiache kucheza hata dakika moja. Wanachoka, mmoja anaanguka, nyoka wanamulika kwa taa za vimulimuli na kuona ngozi za ndugu zao. Wanawauma miguu mpaka inakuwa myekundu, na tangu siku hiyo heroe husimama majini kupoza moto.

Nilimwomba asimulie tena. Niliporudi nyumbani nilitafuta tarehe ya kifo kwanza, ndipo nikatafuta hadithi. Quiroga ni huru, na hadithi zake ziko mtandaoni bila malipo. Hapa ndipo ningeanza mwaka 2017 kama ningekuwa na wa kuniambia: sentensi fupi, wanyama, jambo moja linafuata jingine. Kisha ningepanda kwenye hadithi fupi za Rulfo, hasa ile ya familia maskini ambayo mto uliofurika umemchukua ng'ombe wao Serpentina, mwenye sikio moja jeupe na jingine jekundu. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa tumaini la binti yao mdogo kuolewa kwa heshima. Msomaji wa Arusha au Monduli haelezwi hapo. Ndipo ningefika Comala.

Heroe wenyewe wamenipa kazi ya miezi. Anayewaelekeza kwa bundi ni mnyama aitwaye tatú, na huwezi kuandika “tatu” kwa Kiswahili bila watoto kuanza kuhesabu. Nilijaribu kakakuona, kwa kuwa wote wawili wana magamba. Siku niliyowasomea watoto wa dada yangu, mkubwa wao akasimama akauliza kama hiyo ni bahati njema au mkosi, maana kakakuona kwetu akionekana ni habari ya kijiji kizima. Hadithi ikaharibika pale pale. Sasa nimeweka “mnyama wa magamba wa huko, anayejikunja kama mpira”, na hawaulizi tena.

Kitu kimoja kinaniuma. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia kwamba Afrika ina fasihi yake ya Kihispania. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru 1968, huandika kwa lugha hiyo. María Nsué Angüe alitoa Ekomo mwaka 1985, na anayesimulia ni Nnanga, mke wa mtu aliyeoza mguu, akizunguka naye kutafuta tiba kwa waganga. Donato Ndongo-Bidyogo alitoa Las tinieblas de tu memoria negra mwaka 1987. Ekomo niliisoma kwa wiki tatu, nikiwa na mguno wa kukubali kila ukurasa: mabaraza ya wazee, miiko, mke anayetembea nyuma ya ugonjwa wa mumewe. Wafang, watu wa kitabu hicho, ni Wabantu wenzetu. Kama unaogopa Amerika, pitia Guinea.

Inasemwa mwandishi wa Kolombia, García Márquez, alipopewa Pedro Páramo na rafiki yake Álvaro Mutis, Meksiko mwaka 1961, hakulala mpaka alipomaliza kukisoma mara ya pili. Mimi nimefika mara ya tisa. Nakala ya spairo iko kwenye sanduku la mama pamoja na vitenge, na siigusi. Lakini tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, huwa nakwenda Kibosho, na tukitoka makaburini mama huniambia nimletee “wale wa Comala”. Mwaka jana sikufungua sanduku. Nilichukua kile kitabu cha mgeni, nikamsomea kwa Kihispania na kumgeuzia papo hapo, sentensi kwa sentensi, pale ambapo mwenye punda anamweleza kijana jinsi Comala kunavyochoma: wengi wanaofia huko, wakifika motoni, hurudi kuchukua blanketi.

Mama alifikiri kidogo. Akauliza blanketi ni la sufu au la pamba. Nilitazama ukurasa mbele na nyuma. Rulfo hakusema.